Nililipa 18,500 kuweka sawa duka langu la Instagram: niliyopata na yaliyoniponyoka

Nauza leso (khanga), madera na mabuibui kwa Instagram na WhatsApp tangu 2020. Duka langu halina mlango wala kibao. Lina stoo ndogo Kongowea, hapa Mombasa, makabati mawili kwa mamangu Kisauni, na simu. Kwa karibu miaka mitano niliamini kwamba kwa kuwa sina duka la mlango, sheria za duka hazinihusu. Aliyenitoa kwenye imani hiyo ni mteja mmoja wa Malindi na doti moja ya leso.

Asiyevaa leso huenda asione uzito wa kisa hiki mara moja, kwa hivyo nieleze. Leso hununuliwa kwa jina, yaani maneno yaliyochapwa juu yake. Rangi huvuta jicho na pindo hupendeza, lakini jina ndilo linalosema na mtu. Mteja yule aliniagiza "Nani kama mama" ampelekee mavyaa wake aliyekuwa anatoka hospitali. Siku hiyo nilikuwa na vifurushi zaidi ya thelathini, nikampakia "Hasidi hana sababu". Aliifungulia pale pale, mbele ya mavyaa na mawifi. Alipopiga simu kutaka kurudisha, nikamjibu nilivyozoea kuwajibu wote: bidhaa ikishauzwa hairudi. Maneno hayo nilikuwa nimeyaweka juu kabisa ya ukurasa wangu, kwa herufi kubwa.

Jioni mumewe akaniandikia. Ujumbe ulikuwa mrefu na wa adabu. Alitaja Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012, kisha akaniuliza jina kamili la biashara yangu na mahali ilipo, ili ajue malalamiko yake ayapeleke wapi. Sikuwa na jina la kumpa. Nilirudisha pesa zake pamoja na nauli ya kifurushi, nikampigia mavyaa mwenyewe kumwomba radhi, naye akanisamehe vizuri sana. Lakini swali la yule bwana lilinikosesha usingizi. Biashara inayolisha watu watano haikuwa na jina wala anwani, na wala haikuwa na karatasi hata moja.

Ndipo mwezi wa pili, 2025, nikaenda kwa watu ninaowaandikia tathmini hii. Jina la ofisi naliacha, kwa sababu tuligombana kisha tukamaliza kwa kuelewana. Ni zile ofisi za ghorofani katikati ya mji, kibao mlangoni kinaorodhesha usajili wa biashara, KRA (mamlaka ya kodi), vibali vya kaunti na mikataba. Wana kifurushi cha wauzaji wa mtandaoni cha 18,500. Ndani yake kuna kusajili jina la biashara, kuweka sawa mambo ya PIN ya KRA (nambari ya mlipa kodi), kusaidiwa kuomba kibali cha kaunti (ada ya kibali yenyewe unalipa mbali), saa moja na wakili, na masharti ya duka yaliyoandikwa. Nililipa nusu siku hiyo na nusu wiki iliyofuata.

Saa moja na wakili ndiyo ninayoisifu kwanza, na nitakaa hapo kwa muda.

Alikuwa binti mdogo kwangu, labda miaka ishirini na minane. Nilitarajia anipe fomu nijaze. Badala yake akaniambia, "Dada, nifungulie ukurasa wako tuutembee pamoja kama mimi ni mnunuzi." Akaanza kupitia picha moja baada ya nyingine, na kila alipoona neno lenye shida akasimama.

Picha ya kwanza ilikuwa dera la hariri, na chini nimeandika: bei njoo inboksi. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia ukweli ambao kila muuzaji wa Mombasa anaujua, kwamba tunaficha bei ili washindani wasituone na ili mteja aanze mazungumzo. Hakunicheka. Alinieleza kwamba Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ina sehemu yake maalumu kuhusu mikataba inayofungwa kwenye intaneti, na kwamba mtu anayenunua kwa simu, asiyeweza kushika kitambaa, anastahili kuelezwa kabla hajalipa: anauziwa nini, na nani, kwa bei gani yote kwa jumla, na nauli ni ya nani. Apewe nafasi ya kukubali, kukataa au kurekebisha kosa kabla ya kulipa. Kisha apewe nakala ya makubaliano kwa maandishi, hata kama ni ujumbe anaoweza kuuhifadhi. Muuzaji asipofanya hivyo, mnunuzi ana njia ya kuuvunja mkataba. Nilikuwa na mamia ya picha zisizo na bei. Nilikaa siku nne nikiandika bei moja moja, na sijutii hata dakika. Maswali ya "hii ngapi?" yalipungua, na wanaoniandikia sasa wengi wanakuja kununua.

Picha ya pili aliyosimama nayo ilikuwa yale maandishi yangu ya herufi kubwa. Hapa alichukua karatasi akanichorea. Upande mmoja mteja aliyebadili mawazo: rangi haikumpendeza, au mume amesema hapana. Upande wa pili mteja aliyepewa kitu tofauti na alichoelezwa, au kitu kibovu. Huyu wa pili, akasema, ana haki ambayo tangazo langu haliwezi kuifuta, hata nikiliandika kwa dhahabu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ni ya zamani kuliko Instagram na inasema bidhaa inayouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo. Na haki zilizomo katika sheria ile ya 2012 haziondolewi kwa makubaliano, hata mteja akitia saini. Juu ya zote kuna Katiba ya 2010, Ibara ya 46, inayompa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na alichonunua. Nikamkumbuka mteja wangu wa Malindi. Leso niliyomtumia haikuwa na tundu wala doa. Lakini jina lilikuwa lingine, na kwa leso jina ndilo maelezo yenyewe.

Tukaandika masharti mapya pale pale, kwa Kiswahili. Nililisisitiza hili na yeye alifurahi, maana rasimu yao ya kawaida ni ya Kiingereza cha mahakamani na wateja wangu wengi ni mama zetu. Kosa likiwa langu, narudisha pesa zote na nauli za pande mbili. Mteja akibadili mawazo, anabadilisha ndani ya siku saba, nguo haijavaliwa, nauli yake mwenyewe. Nguo za kushonwa kwa vipimo vyake hazibadilishwi ila zikiwa na kosa la fundi. Leso: kabla sijafunga kifurushi nampigia picha ya jina alithibitishe. Sharti hilo la mwisho nililitunga mimi, na tangu hapo sijakosea jina tena.

Kisha akafika kwenye picha za wateja. Nina tabia, au nilikuwa nayo, ya kuchukua picha ambayo bibi harusi ameweka kwenye hali yake ya WhatsApp akiwa amevaa dera langu, nikaiweka kwenye ukurasa wangu na maua mawili. Niliona ni upendo. Wakili akaninyamazia kidogo, halafu akanihadithia mambo ya mwezi wa tisa, 2023. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Shule moja ikatozwa 4,550,000 kwa picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya 2019. Nilikuwa nimeisikia na kudhani ni ya mabenki na makampuni ya simu.

Nilimwuliza kwa hofu kama na mimi lazima nijisajili kule kwa Kamishna. Hapa ndipo nilipoona ni mtu mwaminifu, kwa sababu angeweza kunitoza usajili na mimi ningelipa bila kuuliza. Akaniambia biashara yenye mauzo chini ya milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya kumi haibanwi na usajili, isipokuwa ikiwa ni ya aina fulani zilizotajwa, kama afya, elimu, mikopo au kamari. Duka la madera halimo. Lakini akanishika mkono kabisa: "Kusamehewa kujisajili hakukusamehi kuifuata sheria." Majina, nambari za simu, anwani za nyumbani, vipimo vya miili ya wanawake, vyote hivyo nilikuwa navyo kwenye daftari na kwenye simu, na simu hiyo wanangu wanachezea. Vipimo! Mteja wangu mmoja wa buibui hajawahi kumwambia hata dadake kipimo cha kiuno chake, na mimi nilikuwa nakituma kwa fundi kwenye kundi la watu kumi na mmoja.

Hilo nililibadilisha usiku ule ule. Fundi sasa anapata nambari ya oda na vipimo, bila jina. Picha ya mteja naiomba kwa maandishi, na akiniambia baadaye niiondoe, naiondoa siku hiyo. Ile orodha yangu ya watu 640 niliokuwa nikiwatumia matangazo kila Ijumaa niliiandikia ujumbe mmoja kuuliza nani anataka kuendelea. Walibaki 212. Mwanzoni moyo uliniuma, halafu nikaona hao 212 ndio waliokuwa wakinunua miaka yote.

Saa ilikuwa imeisha lakini hakunifukuza. Alinionyesha mambo mawili zaidi. La kwanza, mabegi yenye nembo za majumba makubwa ya mitindo niliyokuwa nikiyaletewa kutoka Eastleigh, yale tunayoyaita kopi. Nilikuwa nadhani kumwambia mteja waziwazi kwamba ni kopi kunanisafisha. Akasema Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya 2008 haiangalii kama mnunuzi alijua. Anayeuza kwa biashara bidhaa yenye nembo iliyoigwa bila idhini yuko hatarini, na kosa la kwanza linaweza kufika kifungo cha miaka mitano, au faini isiyopungua mara tatu ya thamani ya bidhaa. Mabegi tisa yaliyobaki niliyatoa ukurasani. Hasara ilikuwa yangu na niliimeza. La pili, picha za mabuibui ambazo sikuzipiga mimi, nilizichukua kwa muuzaji wa Dubai kwa sababu zake zina mwanga mzuri. Picha ina mwenyewe, na mbali na hilo ni udanganyifu kwa mteja, kwa sababu buibui ninalomtumia limeshonwa Majengo na halianguki mwilini kama lile la pichani. Nilimkodisha kijana wa mtaani mwenye kamera, akanipigia picha ukutani Mji wa Kale asubuhi moja. Mauzo ya mabuibui yamepanda, na hakuna tena anayeniambia "si kama la kwenye picha".

Kwa saa hiyo peke yake ningelipa tena, na zaidi.

Sasa upande wa kodi. Hapa nitasema kwa utulivu, lakini nitasema.

Kijana wa upande huo alikuwa mchangamfu, simu tatu mezani, kila baada ya dakika mtu anaingia. Alinitaka PIN yangu na nywila ya iTax, mtandao wa KRA wa kujazia kodi, akaniambia, "Dada yangu, nenda kanywe chai, haya niachie mimi." Nilimwachia. Kosa hilo nalibeba mwenyewe. Baada ya siku tatu nilipata cheti cha jina la biashara, kizuri, na ujumbe kwamba mambo ya KRA yako sawa. Nilikichapisha cheti nikakitia fremu, na mamangu akakitundika karibu na picha ya marehemu baba.

Mwezi wa saba hoteli moja ya upande wa Diani ikataka leso 60 za kuwavisha wafanyakazi wanaopokea wageni. Oda kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Wakataka vitu viwili: cheti cha KRA cha kuonyesha sina deni la kodi, na ankara ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Nikaenda saiba na binamu yangu, tukafungua akaunti yangu ya iTax wenyewe kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili. Mahali panapoonyesha majukumu ya kodi palikuwa na mawili. Moja kodi ya mapato. La pili VAT.

Nieleze kwa nini nilihisi baridi. VAT ni ule ushuru wa ongezeko la thamani, wa asilimia 16, na anayelazimika kujisajili nao ni biashara yenye mauzo ya kutozwa ushuru huo yanayofika milioni 5 kwa mwaka. Mimi mauzo yangu hayafiki hata milioni 2. Lakini ukishasajiliwa, unadaiwa ritani, yaani taarifa ya hesabu za kodi, kila mwezi, mwisho tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama hukuuza kitu. Usipoijaza, faini ni 10,000 kwa kila ritani, au asilimia 5 ya kodi unayodaiwa, kutegemea ipi ni kubwa. Machi, Aprili na Mei hazikuwa zimejazwa. Shilingi 30,000 zilikuwa zimenikalia na sikuwa najua, kwa sababu ya alama moja ya tiki iliyowekwa kwenye fomu na mtu aliyekuwa na haraka.

Na jukumu ambalo lilinifaa kweli halikuwapo. Biashara yenye mauzo ya zaidi ya milioni 1 na yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka ina kodi yake ya mauzo, ile tunayoiita TOT. Tangu Julai 2023 ni asilimia 3. Nayo inajazwa na kulipwa kila mwezi kabla ya tarehe 20 kupita. Ni asilimia 3 ya mauzo yote, faida haiulizwi. Mwezi wa mauzo ya 140,000 ni 4,200. Hili muuzaji wa mtandaoni inafaa alijue kabla hajapanga bei, maana wengi wetu faida kwenye dera moja ni 150 au 200, na asilimia 3 ya dera la 1,200 ni 36. Ukiisahau kwenye bei, unaitoa mfukoni. Mimi nilipandisha madera kwa 50 na hakuna mteja aliyelalamika.

Nilirudi ofisini nikiwa na karatasi zilizochapishwa. Kijana alianza kwa kusema kwamba VAT "inaonekana vizuri kwa makampuni makubwa". Nikamwambia, kaka, mimi sikukuomba kuonekana. Niliomba kuonana na mwenye ofisi. Ni mzee mpole, alisoma karatasi zote akiwa amevaa miwani, akauliza maswali matatu, na hakubishana. Alikubali kosa ni lao. Alimkalisha kijana pale pale, wakajaza ritani zilizokosekana ili deni lisiongezeke, wakaandika ombi la kuniondoa kwenye VAT, wakaniingiza TOT. Faini waligawana nami: wao 15,000, mimi 15,000. Nilihisi walipaswa kulipa zote. Niliambiwa kwamba nami nilitoa nywila na sikuangalia kwa miezi mitano, na hilo sikuweza kulikataa. Shughuli nzima ilichukua wiki sita, na katika wiki hizo hoteli ilinisubiri kwa hisani ya meneja wa ununuzi, ambaye ni mama mwenye subira kubwa.

Ankara ya eTIMS, nilivyokuwa nimeiogopa, ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko yote. Nilidhani ninunue mashine. Kumbe mfanyabiashara mdogo asiye na VAT anaweza kuitoa kwa simu ya kawaida akipiga *222#, akafuata maelekezo. Ile ya hoteli niliitoa nikiwa kwenye feri ya Likoni. Sababu ya hoteli kuitaka ni kwamba tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi kupunguzwa kwenye hesabu za kodi za mnunuzi. Kwa hivyo wewe muuzaji mdogo ukitaka kuuzia shule, hoteli au ofisi, ukosefu wa ankara hiyo unakufungia mlango mapema. Ofisi yangu haikuwa imenitajia neno hili hata mara moja, na ni kasoro ya pili ninayowaandikia.

Kasoro ya tatu ni ndogo lakini inanihusu. Nilikuwa na mpango wa kuongeza liwa na mafuta ya nazi ya kujikandia, anayotengeneza shangazi yangu Kilifi. Niliwauliza, wakaniambia nianze tu, mambo madogo hayo. Wakili ndiye aliyenizuia, kwa simu, siku nyingine, bila malipo: kitu cha kupaka mwilini kinachouzwa kwa umma kinahitaji alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na haijalishi kinauzwa sokoni au kwenye simu. Sasa shangazi ameanza taratibu za kuiomba. Liwa itangoje.

Na kuhusu vifungashio, hakuna aliyenikumbusha ofisini, ila hilo nilikuwa nalijua. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na bado naona wauzaji wenzangu wakifunga madera kwenye mifuko inayopenyezwa kutoka nje. Faini yake inaanzia milioni 2. Mimi natumia karatasi ya kaki na uzi wa katani, na wateja wanaipenda hata kuipiga picha.

Je, 18,500 zilistahili? Nilipofungua eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mwenyewe baadaye, kumsaidia jirani, niliona ada ya serikali ya kusajili jina la biashara haifiki hata 1,500, na kazi yenyewe tuliimaliza mezani kwake kabla chai haijapoa. Kibali cha kaunti nacho unaweza kukiomba mwenyewe. Kwa hivyo sehemu kubwa ya pesa yangu ilikwenda kwa mtu wa kubonyeza vitufe ambavyo ningebonyeza mimi, na ambavyo alivibonyeza vibaya. Sehemu iliyobaki ilikwenda kwa mtu aliyekaa nami, akaangalia duka langu kwa macho ya mnunuzi, akanifundisha ninadaiwa nini na nani. Huyo wa pili thamani yake naiweka juu ya 18,500 zote. Niliwaambia wafanye saa ya wakili iuzwe peke yake. Mzee mwenye ofisi alisikia, na sasa wanaiuza kwa 4,000.

Kwa anayetaka kwenda, nampa ushauri nilioulipia mimi. Nenda na simu yako yenye ukurasa, taarifa ya till yako ya M-Pesa ya mwaka mzima ili mauzo yahesabiwe kwa ukweli, na daftari. Usitoe nywila ya iTax. Kaa karibu na anayejaza, muombe akusomee kila kisanduku kabla hajakitia tiki, na asiyekuwa na muda wa kukusomea mwambie utarudi siku atakayokuwa nao. Ukitoka, fungua akaunti yako mwenyewe siku hiyo hiyo na utazame majukumu uliyoandikiwa. Ofisi nawapa nyota tatu kati ya tano. Wakili ningempa tano, na nimemwambia hivyo ana kwa ana.

Kwa sasa tarehe 15 ya kila mwezi, baada ya Alasiri, naketi barazani kwa mamangu na kupiga hesabu ya TOT mwenyewe. Na Jumamosi hii nampeleka mamangu mdogo, anayeuza viungo vya pilau kwa WhatsApp tangu mwaka jana, kwa ile saa ya 4,000. Usajili tutaufanya nyumbani, kwenye simu yangu, yeye akishika kitambulisho chake na mimi nikisoma kwa sauti. Tukifika kwenye kisanduku cha VAT tutakipita.